Disketi za Marehemu



Juma hili twajibu suala lililotufikia kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa familia moja ya watu wa pwani waliohamia huko zamani kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani. Mkuu wa nyumba amefariki, Mola amrehemu. Katika kupanga vitu vyake, mjane na binti zake wamekuta sanduku la bati lenye disketi thelathini na kitu. Nyingine pana na laini kama bahasha, nyingine ndogo zenye gamba gumu. Juu ya baadhi yake pameandikwa kwa mkono: "Madeni", "Amana", "Tororo", "Hesabu 1994". Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta aliitia moja katika mashine yake, na mashine ikajibu kwamba disketi haijafomatiwa, je, ifomatiwe? Kijana akasema, "Mama, hizi hazina kitu. Nipe nizifomati, au zitupeni." Mama, kwa busara yake, alikataa yote mawili, akatuandikia kuuliza: Je, ni kweli hazina kitu?

Jawabu letu ni kwamba hilo halijathibiti. Kompyuta haikusema kuwa disketi ni tupu. Imesema kwamba haikuutambua mpangilio wake. Baina ya kauli hizo mbili pana umbali mkubwa, na ndani ya umbali huo huenda zimo haki za watu. Kama ijulikanavyo, mirathi haigawanywi mpaka yalipwe madeni ya maiti na utekelezwe wasia wake. Na aliyeweka amana kwa marehemu bado ana haki ya kurudishiwa chake. Ikiwa majina ya wenye haki yamo katika sanduku lile, basi kulitupa ni kuwatupa wao.

Kwa hiyo twaomba subira ya wasomaji wetu, hasa wale ambao hawajapata kuishika disketi, tueleze namna maandishi yanavyopangwa ndani yake. Akishafahamu mpangilio, mtu hujua mwenyewe lipi la kufanya na lipi la kukataa.

Ubao wa duara

Disketi, ukiivua ganda lake, ni karatasi ya plastiki nyembamba iliyokatwa duara na kupakwa unga wa chuma unaoshika sumaku. Kampuni ya IBM ilizitoa za kwanza mwaka 1971, zenye upana wa inchi nane. Mwaka 1976 zikatoka za inchi tano na robo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony wakaleta za inchi tatu na nusu, zile zenye gamba gumu. Humo ndimo zilimowekwa barua, hesabu na michezo ya kompyuta za nyumbani na za maofisini kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, mpaka Sony wenyewe walipoacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011.

Ndani ya mashine, karatasi hiyo huzunguka, kwa kawaida mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kwa kila sekunde. Juu yake pana kichwa kidogo cha sumaku kinachosogea kutoka ukingoni kwenda katikati kwa hatua zilizopimwa. Kila hatua ni duara moja la maandishi, na maduara hayo yamo moja ndani ya jingine, wala hayagusani. Disketi ndogo ya kawaida ina maduara 80 kila upande. Kila duara hukatwa vipande, kama mkate wa mofa ukatwavyo, na kila kipande hubeba kiasi maalumu cha herufi. Katika kompyuta za namna ya IBM kipande kimoja hubeba baiti 512, na baiti moja twaweza kuihesabu kuwa ni herufi moja.

Basi hesabu yake ni nyepesi. Maduara 80, mara pande 2, mara vipande 18, mara baiti 512, jumla yake ni baiti 1,474,560. Hiyo ndiyo disketi iliyoandikwa "1.44" juu yake. Ile laini ya inchi tano na robo iliyokuwa ya kawaida katika miaka ya 1980 ilikuwa na maduara 40, pande 2 na vipande 9, jumla baiti 368,640. Ni kidogo kwa watu wa leo, kwani picha moja ya simu huweza kuzidi disketi nzima. Lakini kwa maandishi matupu si haba: disketi moja ndogo yatosha madaftari kadhaa ya duka.

Sasa, disketi inapotoka kiwandani bila kufomatiwa, haina duara wala kipande. Ni uwanja mtupu. Kufomati ndiko kupiga mistari. Mtoto wa madrasa apewapo karatasi nyeupe, kwanza huchukua rula akapiga mistari, akaacha pambizo, akaandika namba ya ukurasa. Ndipo aandike somo. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Mbele ya kila kipande huandika anwani ndogo: hili ni duara la ngapi, upande gani, kipande cha ngapi, na ukubwa wake kiasi gani. Nyuma ya maandishi huweka hesabu ya uhakiki, ili siku ya kusoma, ikiwa herufi moja imeharibika, hesabu isitimie na kosa lijulikane.

Wajenzi walizingatia hata mwendo wa mashine. Kompyuta za zamani zilikuwa nzito wa kufikiri. Ikisoma kipande cha kwanza, kabla haijamaliza kukishughulikia, cha pili kimekwisha kupita chini ya kichwa, nayo hulazimika kungoja disketi izunguke tena nzima. Wakaazi wa Malaba watalielewa hili upesi kuliko wengine: ni kama dereva wa lori aliyeitwa dirishani kabla hajatia karatasi zake sawa, nafasi ikampita, akarudishwa mwisho wa foleni. Dawa ilikuwa ni kutozipanga namba kwa mfululizo. Kwa duara la vipande 9, huandikwa 1, 6, 2, 7, 3, 8, 4, 9, 5. Baina ya cha kwanza na cha pili hupita kipande kimoja cha kumpa msomaji muda. Hivyo duara zima husomwa kwa mizunguko miwili, badala ya tisa.

Fahirisi na jedwali

Kupiga mistari pekee hakutoshi. Mwenye kitabu kikubwa ataka fahirisi ya kumwonyesha mlango upi uko ukurasa upi. Katika disketi za kompyuta za namna ya IBM, mambo yamepangwa hivi.

Kipande cha kwanza kabisa ni kitambulisho. Ndani yake kompyuta huandika vipimo vya disketi yenyewe: vipande vingapi kwa duara, pande ngapi, fahirisi ina ukubwa gani. Baada yake huja jedwali la mafungu, kisha nakala ya pili ya jedwali hilohilo, kama karatasi ya kaboni chini ya risiti, ili moja ikiharibika pawe na nyingine. Katika disketi ya 1.44 kila nakala huchukua vipande 9. Halafu ndipo ije fahirisi, vipande 14, yenye nafasi ya majina 224 wala si zaidi. Kilichobaki chote ni uwanja wa maandishi.

Kila jina katika fahirisi lina mstari wa baiti 32. Mna humo jina la faili lisilozidi herufi nane, na nyingine tatu za kuonyesha aina yake, ukubwa wake, tarehe na saa ya kuandikwa, na namba ya fungu lake la kwanza. La kwanza tu. Mafungu mengine hutafutwa katika jedwali.

Tuseme faili la MADENI laanza fungu la 12. Kompyuta huenda penye nafasi ya 12 katika jedwali, ikakuta pameandikwa 13. Penye 13 ikakuta 40. Penye 40 ikakuta alama ya mwisho. Basi imejua kwamba maandishi yamo katika mafungu 12, 13 na 40, kwa utaratibu huo. Sababu ya kuruka kutoka 13 hadi 40 ni kwamba siku marehemu alipoongeza mdeni mpya, nafasi iliyofuata ilikuwa imekwisha kushikwa na barua nyingine. Jedwali ndilo uzi wa tasbihi. Ukikatika, punje zote zipo sakafuni, lakini nani atajua ipi hufuata ipi?

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Kitambulisho kikiliwa na ukungu, au jedwali na nakala yake vikaharibika, kompyuta husema haiitambui disketi, ilhali maandishi yenyewe yamelala salama katika uwanja wake. Hilo ni jambo la kwanza linaloweza kuwa limeipata disketi ya Malaba.

Reli mbili

Jambo la pili ni kwamba huenda disketi ni nzima kabisa, ila iliandikwa kwa mpangilio wa kompyuta nyingine. Kwani mpangilio tuliouelezea ulikuwa mmoja tu baina ya mingi, na kila kampuni ilijitungia wake.

BBC Micro, kompyuta ya Waingereza iliyoenea mashuleni mwao katika miaka ya 1980, ilikata kila duara vipande 10 vya baiti 256. Katika mfumo wake wa kwanza wa disketi, fahirisi ilikaa katika vipande viwili vya mwanzo, ikabeba majina 31 tu, kila jina herufi zisizozidi saba. Haikuwa na jedwali la mafungu, kwa sababu kila faili lilitakiwa likae mahali pamoja bila kukatika, kama vitabu juu ya rafu. Ukikitoa kimoja, pengo hubaki, na asiye na nafasi ya kutosha sharti avisogeze vyote.

Commodore 64 ilikwenda njia nyingine. Wajenzi wake walitazama kwamba duara la ukingoni ni refu kuliko la katikati, wakaona si haki yote mawili yabebe mzigo sawa. Maduara 17 ya nje wakayapa vipande 21 kila moja. Yaliyofuata 19, kisha 18, na ya ndani kabisa 17. Jumla ni vipande 683 katika maduara 35. Fahirisi wakaiweka katika duara la 18, katikati ya safari, ili kichwa kisiende mbali kuitafuta. Na badala ya jedwali, kila kipande chenyewe huanza kwa kutaja anwani ya kipande kinachofuata, kama mtu akuelekezaye nyumba kwa nyumba mpaka ufike.

Apple II nayo ilikuwa na maduara 35, ikianza na vipande 13 kwa duara, baadaye 16. Na disketi za vipande 13 hazikusomeka moja kwa moja katika mfumo mpya, japo kampuni ilikuwa hiyohiyo. Amstrad, iliyouza mashine za kuandikia barua kwa bei nafuu kuanzia mwaka 1985, ilitumia disketi ya inchi tatu kamili, isiyoingia katika mashine nyingi za wengine. Amiga ilitumia disketi ileile ya inchi tatu na nusu, umbo lileile, plastiki ileile. Lakini ikatia vipande 11 katika kila duara, ikayaandika maduara kwa namna yake, hata kompyuta ya namna ya IBM huimeza disketi hiyo isione ndani yake ila vurugu.

Watu wa Malaba wanao mfano wa haya mbele ya macho yao. Reli ya zamani ipitayo mjini mwao kwenda Tororo na Kampala ina upana wa mita moja. Reli mpya kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, ina upana wa milimita 1,435. Kontena lenye mzigo wa Uganda likiletwa kwa reli mpya hufika Naivasha, na hapo lazima lihamishiwe mabehewa ya reli ya zamani ndipo liendelee Malaba. Behewa lenyewe haliwezi kuvuka, hata liwe zima, hata mzigo wake uwe na karatasi zote. Je, mtu mwenye akili atatazama behewa lililokwama kwa sababu ya upana wa reli akasema, "Halina mzigo, lipondeni"? Disketi iliyokataliwa na mashine ya kijana yule yaweza kuwa ni behewa la namna hiyo.

Na jambo la tatu ni la kawaida mno: kichwa cha mashine kina uchafu, au disketi ina vumbi na unyevu, au sumaku imefifia kwa miaka. Hata hapo vipande vingi huweza kuokoka vikiharibika vichache.

Katika hali zote tatu, tendo moja ndilo baya kuliko yote, nalo ni kujibu "Ndiyo" kompyuta inapouliza kama ifomati. Ufomati wa haraka husafisha fahirisi na jedwali. Ufomati kamili hupiga mistari upya juu ya kila duara, na maandishi ya kale hayarudi. Basi, dada zetu, liwekeni neno hili mahali pa kukumbukwa: mashine ikiuliza, jibu ni "Hapana".

Kilichofutwa hakijaondoka

Mpangilio huu una upande wa pili, ambao familia nyingi hazina habari nao. Mtu akifuta faili katika disketi ya namna ya IBM, kompyuta haigusi maandishi. Huigeuza herufi ya kwanza ya jina katika fahirisi ikaitia alama ya kufutwa, na katika jedwali huandika kwamba mafungu yale sasa yako wazi. Barua yenyewe inabaki pale ilipo, mpaka siku itakapoandikwa nyingine juu yake. Ni kama kulifuta jina la mpangaji mlangoni ilhali mwenyewe bado yumo chumbani.

Katika hilo mna kheri na mna hatari. Kheri ni kwamba deni lililofutwa kwa bahati mbaya, au kwa makusudi ya mwenye tamaa, huenda likafufuliwa. Hatari ni kwamba disketi iliyogawiwa kwa jirani baada ya "kusafishwa" yaweza kuwa bado na barua za mume na mke, maradhi ya mtoto, au ugomvi wa ndugu uliokwisha kusuluhishwa. Kusitiri aibu za watu ni wajibu wetu, na hapa sitara haipatikani kwa kubofya kitufe. Disketi ambayo imekwisha nakiliwa na haitakiwi tena, ivunjwe ganda, karatasi yake ikatwe kwa mkasi vipande vipande, ndipo itupwe.

Tarehe isiyoaminika

Tumetaja kwamba fahirisi huandika tarehe ya kila faili. Warithi wanaweza kuishikilia tarehe hiyo kama ushahidi: "Deni hili ni la kabla ya marehemu kulipwa", au "ni la baada". Tahadharini. Mfumo huu huhesabu tarehe zake kuanzia 1 Januari 1980, na kompyuta nyingi za zamani hazikuwa na saa yenye betri. Kila ilipowashwa, mashine ilimwuliza mwenyewe tarehe ya leo. Na aliyekuwa na haraka alibonyeza kitufe bila kujibu, ikaendelea kudhani kwamba leo ni 1 Januari 1980. Basi mkiona hesabu ya lori ina tarehe hiyo, msibishane; ni alama ya mtu aliyekuwa na haraka. Hata tarehe nyingine huweza kuwa si ya kweli, kwa kuwa ilitegemea alichoandika mkaaji wa mbele ya mashine. Zaidi ya hayo, faili ni kitu kinachobadilika bila kuacha kovu. Lilinganisheni na risiti, daftari na kauli za watu wanaojua. Palipo na mzozo, pelekeni jambo mbele ya Kadhi, na mseme mlivyoipata disketi na nani aliisoma.

La kufanya

Kwa familia ya Malaba, na kwa yeyote mwenye sanduku la namna hiyo uvunguni, twanasihi haya.

Kwanza, zihesabuni disketi zote mbele ya warithi, mkaipa kila moja namba, na mkanakili katika daftari maneno yaliyo juu yake. Msibandue karatasi hizo. Neno "Tororo" kwa mkono wa marehemu laweza kuwa ndilo la pekee litakaloeleza hesabu zilizo ndani ni za nani.

Pili, zifungeni zisiandikike kabla hazijatiwa katika mashine yoyote. Katika disketi ndogo ya gamba gumu pana kitufe kidogo pembeni. Kisogezeni mpaka tundu liwe wazi, mwanga upite. Katika ile laini ni kinyume chake: ukingoni pana pengo la mraba, nalo lizibwe kwa kipande cha karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga. Mkishafanya hivyo, mashine iliyo nzima itasoma bila kuweza kuandika.

Tatu, ziwekeni mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika za redio, kwani spika ina sumaku. Iliyoota ukungu isitiwe mashineni mpaka isafishwe na ajuaye, maana ukungu huchafua kichwa, na kichwa kichafu huikwaruza disketi inayofuata.

Nne, mtafuteni msomaji anayefaa. Kwa zile ndogo za namna ya IBM, ziko mashine za kusomea zinazochomekwa katika kompyuta za leo kwa waya wa USB. Hizo kwa kawaida hazisomi za Amiga, na hazina mlango wa zile za inchi tano na robo. Kwa hizo nyingine hutumiwa kiendeshi cha zamani pamoja na kifaa kama Greaseweazle au KryoFlux, ambacho hakiulizi mpangilio ni wa nani. Hunakili mtikisiko wa sumaku wa kila duara kama ulivyo, kisha programu ikatafuta baadaye ni wa IBM, wa Commodore au wa mwingine. Mwambieni mtu huyo kwamba mwataka nakala ya disketi nzima, kipande kwa kipande, si faili moja moja tu. Mwenye nakala nzima anaweza kujaribu tena na tena bila kuichosha disketi.

Tano, msivunjike moyo ikiwa faili limepatikana na halifunguki. Hesabu za enzi hizo ziliandikwa kwa programu kama Lotus 1-2-3 na dBASE, na barua kwa WordPerfect. Programu ya LibreOffice, isiyouzwa, hufungua nyingi kati ya hizo. Zikifunguka, zichapisheni katika karatasi siku hiyohiyo.

Sita, na hili twalisisitiza, chagueni mtu mwaminifu, na mmoja wenu akae naye mpaka mwisho. Anayesoma disketi huona yote, yaliyokusudiwa na yasiyokusudiwa. Apewe ujira wake, na achukuliwe ahadi kwamba habazi nakala yoyote kwake.

Huenda baada ya juhudi zote hizo ikaonekana kwamba disketi nyingi zimekufa, au hazina ila orodha za malori yaliyokwisha kupita miaka mingi. Hapana hasara. Warithi watakuwa wametafuta, na aliyetafuta kwa haki hana lawama. Lakini ikiwa ndani ya fungu la 40 la disketi moja limo jina la mtu wa Tororo aliyeacha amana yake kwa kuaminiana, na mwanawe yuko hai hajui, basi mama aliyesema "Hapana" katika duka la kompyuta amemhifadhia yatima mwenzie haki ambayo hakuna mwingine angeihifadhi.

Na kwa sisi tulio hai: deni liandikwe, na liandikwe mahali ambapo aliyebaki ataweza kusoma. Simu ina neno la siri, na kijiti cha kuhifadhia data nacho kitazeeka. Daftari moja kabatini, mke akajua lilipo, latosha kuwaepusha watoto na taabu ya sanduku la bati.

Mola awape subira wafiwa, na atulipie madeni yetu kabla ya siku zetu. Wabillahi tawfiq.